München hadi Thessaloniki kwa gari wakati wa vikwazo vya UVIKO-19: Balkani, Romania au feri ya Italia?

Mtu anayeondoka München na familia yake ndani ya gari, akitaka kufika Thessaloniki, ana njia tatu za kweli. Katika miaka ya kawaida huchagua kwa kupima kilomita, bei ya mafuta na uvumilivu wa watoto walioketi nyuma. Majira ya joto ya 2020 na 2021 yaligeuza mizani hiyo, kwa sababu msafiri wa gari alilazimika kuzitii serikali kadhaa kwa mfululizo ndani ya siku mbili, na kila serikali ilikuwa na fomu yake, muda wake wa kipimo, orodha yake ya maeneo ya hatari na uwezo wa kubadilisha vyote hivyo kwa tangazo moja. Aliyepanda ndege alishughulika na serikali mbili tu, ile ya anakotoka na ile ya anakokwenda. Aliyeshika usukani alishughulika na nne, sita au saba, na hata hivyo wengi waliona afadhali gari, ambamo waliomo ni watu wa nyumba moja, kuliko kubanana na wageni kwenye uwanja wa ndege.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Ujerumani, Austria na nchi za jirani, ambao wengi wao wana pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, na ambao kwao mpaka ni jambo zito zaidi kuliko kwa jirani yao Mjerumani. Msimamo wangu nautaja mapema: chini ya vikwazo vya aina ile, hesabu serikali kabla ya kuhesabu kilomita.

Njia zenyewe

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo fupi kwa barabara, hupita Salzburg, handaki la Karawanken, Ljubljana, Zagreb, Belgrade na Skopje, kisha huingia Ugiriki katika kituo cha Evzoni. Ni takriban kilomita 1,600, karibu zote za barabara kuu, na ina mipaka sita. Njia ya pili hupita Vienna na Budapest, huingia Romania kwa Nădlac, hushuka Timișoara hadi daraja la Danube kati ya Calafat na Vidin, kisha hupita Sofia na kufika Ugiriki katika kituo cha Promachonas. Hii hukaribia kilomita 1,800 na ina mipaka mitano. Njia ya tatu huvuka milima ya Alps kwa Brenner, hushuka Bologna na kufika bandari ya Ancona baada ya takriban kilomita 780, ambapo gari huingia melini hadi Igoumenitsa, na kutoka hapo barabara kuu ya Egnatia hukufikisha Thessaloniki kwa mwendo wa kilomita zipatazo 320. Hii ina serikali nne tu: Ujerumani, Austria, Italia na Ugiriki.

Kuna njia ya nne ambayo watu wengi huitaja, ile ya kutoka Budapest moja kwa moja hadi Belgrade kwa kituo cha Röszke na Horgoš. Nimeiacha nje ya ulinganisho kwa makusudi. Kila Julai na Agosti hapo ndipo hupita maelfu ya familia za Kituruki zinazotoka Ujerumani na Austria kwenda nyumbani, na foleni yake ni ndefu hata pasipo ugonjwa. Isitoshe, Hungaria iliwafungia wageni mipaka yake tena kuanzia tarehe 1 Septemba 2020, ikawaachia wasafiri wa kupita tu njia maalumu zilizopangwa, vituo maalumu vya kupumzikia, ukaguzi wa afya mpakani na muda usiozidi saa 24. Anayepita Romania hukutana na Hungaria hiyohiyo, lakini angalau haongezi juu yake foleni ya Horgoš.

Mpaka uliofunguliwa unaweza kufungwa ukiwa njiani

Kumbukumbu ya Machi 2020 ndiyo inayoeleza kwa nini idadi ya mipaka ina uzito mkubwa namna hii. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake na Austria, Uswisi, Ufaransa, Luxembourg na Denmark tarehe 16 Machi. Siku mbili baadaye, foleni ya magari yaliyokuwa yakielekea Poland kwenye barabara kuu ya A4 karibu na Görlitz ilifikia takriban kilomita 60. Siku hizohizo, kwenye mpaka wa Austria na Hungaria katika kituo cha Hegyeshalom, Waromania, Wabulgaria na Waserbia waliokuwa wakirudi makwao walikwama hadi Hungaria ilipokubali kuwafungulia njia ya kupita usiku. Watu hao hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Waliondoka nyumbani mpaka ukiwa wazi na wakaukuta umefungwa.

Mfano wa pili unaihusu njia ya Balkani moja kwa moja. Jumamosi tarehe 22 Agosti 2020, wakati watalii walikuwa wakirudi kutoka Kroatia, kanuni mpya ya Austria ilianza kutumika ikimtaka kila aliyevuka, hata yule wa kupita tu, ajaze fomu mpakani. Handaki la Karawanken, lenye urefu wa karibu kilomita nane, ndilo lango kuu la upande huo, na magari yalisubiri upande wa Slovenia kwa muda uliofikia saa 12, wengine wakikesha na watoto wadogo ndani ya magari hadi utaratibu ulipolegezwa. Hakuna aliyeweza kugeuza njia akiwa katikati ya foleni ile, na hilo ndilo linalopaswa kuzingatiwa: mpaka unaochelewesha kwa nusu siku unaharibu hesabu zote za mipaka inayofuata.

Umoja wa Ulaya ulijaribu kuleta utaratibu wa pamoja. Kuanzia Oktoba 2020 kulikuwa na ramani moja ya kijani, chungwa na nyekundu, na mwanzoni mwa 2021 ikaongezwa nyekundu iliyokoza. Tarehe 1 Julai 2021 kikaanza kutumika cheti cha kidijitali cha UVIKO chenye msimbo wa QR, kinachoonyesha chanjo, kupona au kipimo. Cheti hicho kilirahisisha safari kwa kiasi kikubwa, na kwa mtu aliyechanjwa kikamilifu, siku 14 zikiwa zimepita, tofauti kati ya njia hizi ilipungua. Hata hivyo kanuni yenyewe iliziachia nchi haki ya kuongeza masharti pale hali ilipozidi kuwa mbaya, zikitakiwa tu kutoa taarifa saa 48 kabla, ikiwezekana. Ndani ya saa 48 dereva wa Balkani anaweza kuwa bado yuko njiani.

Njia ya Balkani: saa za kupita na mahali pa kulala

Faida ya njia hii ilikuwa ruhusa ya kupita. Karibu kila nchi iliruhusu msafiri asiye na nia ya kukaa apite bila karantini, na mara nyingi bila kipimo, mradi atoke ndani ya muda uliowekwa. Austria iliruhusu kupita bila kusimama ila kwa mahitaji ya lazima kama mafuta. Slovenia, Kroatia na Serbia zilitoa muda wa saa 12 kila moja, na Masedonia Kaskazini ikatoa saa 5, ukiwa umetia saini tamko mpakani.

Kwenye karatasi muda huo unatosha. Slovenia unaivuka kwa mwendo wa saa mbili. Barabara ya A3 ya Kroatia ina urefu wa kilomita 306, yaani takriban saa tatu. Serbia, kutoka Batrovci mpakani na Kroatia hadi Preševo mpakani na Masedonia Kaskazini, ni karibu kilomita 500, na Masedonia Kaskazini ni saa mbili tu za barabara nzuri. Tatizo ni usingizi. Kilomita 1,600 haziendeki salama kwa dereva mmoja bila kulala, na mahali popote utakapolala ndipo saa za kupita zinapoliwa. Ukilala Serbia kwa muda wa saa nane kisha ukaendesha kwa saa sita, tayari umevuka saa 12, na tangu Desemba 2020 Serbia ilidai kipimo cha PCR cha ndani ya saa 48 kwa mgeni anayekaa. Kwa hiyo aliyepita huku kwa busara alikuwa na mpango wa aina mbili: ama madereva wawili wanaopokezana, ama kulala Kroatia, kwa mfano karibu na Slavonski Brod, akiwa na cheti au kipimo kinachokubalika Kroatia, kisha kuamka alfajiri na kuzivuka Serbia na Masedonia Kaskazini kwa mkupuo mmoja.

Halafu kuna suala la wapi unaruhusiwa kuingia Ugiriki. Tangu Julai 2020 mtalii wa gari aliruhusiwa kuingia kwa nchi kavu katika kituo kimoja tu, Promachonas, kwenye mpaka wa Bulgaria, na kuanzia tarehe 14 Julai akatakiwa kuwa na kipimo cha PCR cha ndani ya saa 72. Tarehe 6 Julai Ugiriki ilikuwa imewafungia wasafiri kutoka Serbia. Maana yake ni kwamba njia fupi ya Skopje ilikufa kwa msimu ule. Dereva aliyekuwa amekwisha kufika Niš, kusini mwa Serbia, alilazimika kuiacha barabara ya Skopje na kukata kushoto kuelekea Sofia, akaongeza Bulgaria kwenye orodha yake ya serikali. Mwaka 2021 mambo yalikuwa mepesi zaidi, lakini Serbia ilijiunga na mfumo wa cheti cha Ulaya mwezi Novemba tu, baada ya msimu kwisha, wakati Masedonia Kaskazini iliingia Agosti.

Njia ya Romania: ndefu, polepole, lakini ndani ya Umoja wa Ulaya

Sifa ya njia hii ni moja na si ndogo: hutoki ndani ya Umoja wa Ulaya hata kwa kilomita moja. Cheti chako kinasomeka kila mahali, bima ya gari haina swali, na simu inatumia bando lako la nyumbani bila gharama ya ziada, jambo ambalo Serbia na Masedonia Kaskazini hazikukupa. Romania iliwaruhusu wapitaji wanaotoka ndani ya saa 24, na Bulgaria iliwaruhusu wanaopita moja kwa moja.

Kasoro yake ni barabara. Kati ya Timișoara na Calafat hakuna barabara kuu ya njia mbilimbili kwa sehemu kubwa. Unafuatana na malori kando ya Danube kupitia Drobeta-Turnu Severin. Kutoka Vidin hadi karibu na Sofia hali ni hiyohiyo, na kusini mwa Sofia barabara kuu ya Struma hukatika kwenye bonde la Kresna, ambapo magari yote huingia njia moja nyembamba. Mtu asiyezoea kupita malori usiku asijaribu. Mwaka 2020 njia hii ilikuwa na umuhimu wa pekee kwa kuwa iliishia Promachonas, lango lililokuwa wazi, lakini ndiyo hiyohiyo sababu ya foleni zilizokuwa ndefu kwenye lango hilo. Kwa maoni yangu ni njia ya kuchagua pale tu ambapo Italia imefungwa na Serbia haipitiki.

Feri ya Italia: unalipa zaidi, unakisia kidogo

Njia ya tatu ndiyo ghali. Tiketi ya gari na chumba cha watu wanne mwezi Agosti inazidi kwa mbali mafuta na ushuru wa barabara za Balkani, hata ukihesabu stika ya ushuru wa barabara kuu za Austria ya siku 10 iliyouzwa euro 9.50 mwaka 2021 na ile ya Slovenia ya wiki moja ya euro 15. Anayetazama pochi peke yake hataichagua. Lakini tazama unachokipata.

Italia iliruhusu kupita kwa gari binafsi kwa muda usiozidi saa 36 bila karantini wala kipimo, mradi usiwe na dalili na uwe umejaza fomu yake ya abiria, ambayo tangu tarehe 24 Mei 2021 ilijazwa kwa njia ya kidijitali. Kutoka Brenner hadi Ancona ni mwendo wa takriban saa sita. Hapo una nafasi ya kuchelewa, kupumzika na hata kulala karibu na bandari bila kugusa kikomo. Ukishaingia melini, dereva analala usiku huku safari ikiendelea. Ancona hadi Igoumenitsa huchukua saa 16 hadi 20, na meli za Superfast, ANEK na Minoan zilihudumia mkondo huo. Anayetaka bahari fupi anaweza kuteremka hadi Bari, ambako kuvuka huchukua saa 8 hadi 10, lakini hapo unaongeza zaidi ya kilomita 450 za kuendesha, na faida ya kupumzika melini inapungua. Kwa dereva mmoja mwenye familia, Ancona ni bora.

Upakiaji wenyewe unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndipo wageni wanapobabaika. Kwenye gati dereva hubaki peke yake ndani ya gari na abiria wengine hupanda kwa miguu. Wahudumu wenye fulana zinazong'aa hukuelekeza kwa ishara za mikono na sauti kubwa, mara nyingine wakikutaka uingie kinyumenyume, na gari lako huegeshwa karibu kabisa na la jirani kiasi cha kufungua mlango nusu tu. Baada ya hapo sitaha ya magari hufungwa hadi mwisho wa safari. Kwa hiyo dawa, maziwa ya mtoto, pasipoti, vyeti vya chanjo na chaja ya simu viwe kwenye begi la mkononi kabla ya kufika gatini. Wakati wa vikwazo ulijaza pia fomu ya afya kabla ya kupanda, barakoa ilikuwa lazima katika maeneo ya pamoja, na idadi ya abiria ilipunguzwa chini ya uwezo wa meli, hivyo nafasi za Agosti zilikwisha mapema. Wenye magari ya kulala waliweza, katika msimu, kukata tiketi ya kulala ndani ya gari lao kwenye sitaha ya wazi, na kwa aliyeogopa korona hiyo ilikuwa nafasi nzuri kuliko chumba chochote.

Njia hii nayo haikuwa salama dhidi ya mabadiliko. Mwezi Februari 2021 Ujerumani iliitangaza Tirol kuwa eneo la virusi vilivyobadilika na kuanza ukaguzi mkali kuanzia tarehe 14, na Brenner iko Tirol. Tofauti ni kwamba pingamizi la namna hiyo unalijua ukiwa bado nyumbani, kwa kuwa mpaka wenyewe uko mwendo wa saa moja na kidogo kutoka München, na unaweza kuahirisha.

Fomu ya Ugiriki iliipendelea feri

Ugiriki ilimtaka kila anayeingia, tangu tarehe 1 Julai 2020, ajaze fomu ya taarifa za abiria, moja kwa familia nzima, kabla ya siku ya kuwasili. Fomu iliuliza utakapofikia, nchi ulizopita, tarehe ya kuingia na kituo cha kuingilia. Mwaka 2020 msimbo wa QR ulitumwa usiku wa manane wa siku yenyewe ya kuwasili. Kwa abiria wa feri hilo halikuwa tatizo, kwa sababu tiketi inaonyesha siku na bandari. Kwa dereva wa Balkani ilikuwa kama kuahidi saa ya kufika kabla ya kuijua foleni: amejaza Jumamosi, Promachonas, na Jumamosi inamkuta bado Serbia.

Fomu hiyo haikuwa urasimu mtupu. Kuanzia Agosti 2020 Ugiriki ilitumia mfumo wa kompyuta ulioitwa EVA, uliochukua taarifa chache za kila fomu, zikiwemo nchi na eneo unalotoka, umri na jinsia, ukazilinganisha na matokeo ya vipimo vya siku zilizotangulia na kuamua ni nani apimwe akifika, kwa kuwa vipimo havikutosha kwa watu wote. Matokeo ya mfumo huo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2021. Kwa msafiri maana yake ilikuwa hii: afisa anasoma msimbo wako dirishani, na ama anakupungia mkono upite, ama anakuonyesha upande wa hema la kupimia. Kuelekezwa hemani hakukuwa adhabu wala kubaguliwa na afisa huyo, na kubishana naye hakukusaidia chochote.

Pasipoti, viza na kibali cha kuishi

Hapa ndipo ulinganisho huu unapotofautiana na ule ambao Mjerumani angeandikiwa. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania akiwa na kibali cha kuishi Ujerumani aliweza kupita njia zote tatu. Kroatia, Romania na Bulgaria, ambazo wakati ule zilikuwa nje ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kwenye mipaka kati yao), zilikubali vibali vya kuishi na viza za Schengen za kuingia zaidi ya mara moja kwa mujibu wa uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa 2014. Serbia huwaruhusu wenye vibali hivyo kukaa hadi siku 90, na Masedonia Kaskazini hadi siku 15 kwa kila kuingia. Hata hivyo kila kituo ni afisa mpya anayeigeuzageuza pasipoti asiyoizoea, na muda wa kukaguliwa huwa mrefu kuliko wa gari la mbele yako. Mipaka mitano au sita ya namna hiyo inachosha.

Kwa mgeni wa kutoka nyumbani mambo ni makali zaidi. Mama au shangazi aliyekuja kuwatembelea kwa viza ya Schengen ya kuingia mara moja hakuweza kabisa kwenda njia ya Balkani wala ya Romania, kwa sababu alipotoka Slovenia kuingia Kroatia, au Hungaria kuingia Romania, viza yake ilikuwa imetumika, na Ugiriki ingemkatalia kuingia upya. Kwa feri ya Ancona hakutoka Schengen hata kidogo. Kwa familia yenye mgeni wa aina hiyo hakuna cha kulinganisha: ni Italia.

Chanjo nayo ilikuwa na mgogoro wake. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021 kwa dozi za AstraZeneca zilizotengenezwa India kwa jina la Covishield na kuletwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na jina la Covishield halikuwa kwenye orodha ya chanjo zilizoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Ulaya, ingawa dawa ni ileile. Ujerumani, Austria, Slovenia na Ugiriki zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuikubali, kila moja kwa uamuzi wake, katikati ya 2021. Italia ilifuata Septemba. Tanzania ilianza mwishoni mwa Julai 2021 kwa chanjo ya Janssen, ambayo Ulaya iliitambua tangu mwanzo. Kwa hiyo mgeni mwenye Covishield alitakiwa kubeba kipimo kipya pamoja na karatasi yake ya chanjo, na kwenye njia ya serikali nne kipimo kimoja cha saa 72 kilitosha kumfikisha, wakati kwenye njia ya serikali saba kiliweza kuisha muda kabla ya Evzoni.

Karatasi zilizochapishwa

Anayechagua Balkani ahakikishe ana Kadi ya Kijani ya bima, kwa kuwa Masedonia Kaskazini huidai. Tangu Julai 2020 inaruhusiwa kuchapishwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutokuwa nayo. Serbia haihitaji kadi hiyo kwa magari yenye namba za Umoja wa Ulaya. Wakati wa vikwazo ilifaa misimbo ya QR, vyeti na tamko la kupita vichapishwe vyote, kwa sababu kwenye kituo cha Preševo simu ya Ujerumani ilitoza intaneti kwa bei ya kutisha, na fomu iliyobaki ndani ya barua pepe haikufunguka.

Kurudi

Wengi walipanga kwenda wakasahau kurudi, na kurudi ndiko kulikokuwa na masharti magumu. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 Ujerumani ilimtaka kila aliyetimiza miaka 12 awe na uthibitisho wa chanjo, kupona au kipimo, kwa usafiri wowote ule, na aliyetoka eneo la hatari kubwa ajisajili mtandaoni kabla ya kuingia. Orodha ya maeneo hayo ilitangazwa kwa kawaida siku ya Ijumaa na kuanza kutumika Jumapili. Krete na visiwa vya Aegean Kusini, kwa mfano, viliingizwa mwishoni mwa Agosti 2021 watalii wakiwa bado ufukweni. Aliyepita tu eneo la hatari bila kukaa alisamehewa usajili, lakini aliyelala huko hakusamehewa. Kwa njia ya Balkani, usiku mmoja wa kulala Serbia au Masedonia Kaskazini wakati wa kurudi uliweza kubadilisha hadhi yako yote. Kwa feri ulichunguza orodha mbili tu, ya Ugiriki na ya Italia. Vilevile vipimo vya bure nchini Ujerumani vilikoma tarehe 11 Oktoba 2021, kwa hiyo aliyesafiri vuli bila chanjo aliongeza gharama hiyo kwenye njia yoyote aliyochagua.

Ramani ya sasa imebadilika kidogo. Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, na Romania na Bulgaria ziliondolewa ukaguzi wa mipaka ya nchi kavu tarehe 1 Januari 2025, hivyo mgeni mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza leo kupita Romania hadi Thessaloniki bila kutoka Schengen, jambo ambalo halikuwezekana wakati wa vikwazo. Barabara za Calafat na Kresna, hata hivyo, ni zilezile, na Serbia na Masedonia Kaskazini bado ziko nje. Vikwazo vya aina ile vikirudi, kwa familia yenye dereva mmoja na mgeni kutoka nyumbani ningekata tena tiketi ya Ancona, na kwa vijana wawili wenye leseni, vibali vya kuishi na chanjo kamili ningewaambia waende Balkani, walale Kroatia, na wawe na kipimo kipya mkononi kabla ya kufika Batrovci.